Mikopo ya ndani ya kundi la kampuni: tunabishania kiwango cha riba, kesi inaamuliwa kwenye mkopo wenyewe

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Nimeshughulikia majalada ya ukaguzi wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka mingi, na kuna aina moja ya mgogoro ambayo hunijia mezani ikiwa na sura ile ile kila mara. Mamlaka ya kodi imekataa riba ambayo kampuni tanzu ilimlipa mwenzake wa kundi moja, makadirio mapya yametolewa, na mlipakodi anakuja na ripoti ya kurasa themanini inayothibitisha kwamba asilimia 9 ni kiwango cha haki. Ninaisoma ripoti hadi mwisho, kisha ninauliza swali moja: kwa nini kampuni hii ilikopa kiasi hiki na si nusu yake? Mara nyingi hakuna anayejibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa.

Ninaandika uzi huu kueleza kwa nini swali hilo ndilo la kwanza, na kwa nini fedha nyingi hutumika kutetea kiwango cha riba ilhali kesi imeshapotea mahali pengine.

Tuanze na chanzo chake. Kampuni mama inapotaka kuipa fedha kampuni tanzu ina njia mbili: kununua hisa, au kukopesha. Ikinunua hisa, malipo yake ni gawio, na gawio hutoka katika faida ambayo imeshatozwa kodi. Ikikopesha, malipo yake ni riba, na riba hukatwa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Fedha ni zile zile, mwenyewe ni yule yule, lakini karatasi iliyosainiwa ndiyo inayoamua kama nchi ya mkopaji itapata kodi au haitapata. Mkopaji wa kawaida huvutana na benki kwa sababu kila mmoja anavutia kwake. Ndani ya kundi hakuna mvutano huo, maana ni kutoa mfuko huu na kutia mfuko ule.

Hapo ndipo inapoingia kanuni ambayo mimi hupenda kuiita kanuni ya mtu baki: kampuni zenye uhusiano zitozwe kodi kana kwamba zilipatana kama watu baki, kwa masharti ambayo wasiohusiana wangekubaliana. Kanuni hiyo imo katika Ibara ya 9 ya mkataba wa mfano wa kodi baina ya nchi ulioandaliwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, na ufafanuzi wake kuhusu mikopo ulitolewa Februari 2020, kisha ukaingizwa kama Sura ya 10 ya Mwongozo wa Bei za Uhamisho, yaani bei ambazo kampuni zenye uhusiano hutozana, wa mwaka 2022. Sura hiyo haianzi na kiwango cha riba. Inaanza kwa kutaka muamala wenyewe uainishwe ulivyo kweli: kama kilichoitwa mkopo ni mkopo, kama kuna tarehe ya kurejesha, kama mkopaji alikuwa na uwezo wa kulipa, kama kiasi hicho kingeweza kukopeshwa na mtu baki, na kama mkopaji mwenyewe angekuwa na sababu ya kukichukua. Baada ya hapo ndipo bei inatafutwa.

Nitaweka hesabu moja ili jambo hili lionekane. Tuseme kampuni ina faida ya milioni 40 kabla ya riba, kodi na uchakavu. Imekopeshwa na kampuni mama milioni 300 kwa asilimia 9, kwa hiyo riba ya mwaka ni milioni 27. Mkaguzi anasema kiwango sahihi ni asilimia 6, yaani riba ya milioni 18. Wanabishana miaka mitatu juu ya tofauti ya milioni 9. Lakini sheria ya nchi hiyo, kama ilivyo katika nchi nyingi siku hizi, ina ukomo: riba halisi inayokatwa (inayolipwa ukitoa inayopokelewa) isizidi asilimia 30 ya faida hiyo, yaani milioni 12. Basi iwe 27 au iwe 18, mwaka huu itakatwa 12 tu. Kilichokuwa kikibishaniwa kwa miaka mitatu ni ukubwa wa riba itakayobebwa kwenda miaka ya mbele, yaani 15 au 6, ikiwa sheria inaruhusu kubeba.

Sasa mkaguzi mwingine anakuja na kuanza na kiasi cha mkopo kabla ya kugusa kiwango. Anasema hakuna mtu baki ambaye angeikopesha kampuni hii zaidi ya mara 4 ya faida yake ya mwaka, yaani milioni 160. Milioni 140 zilizobaki kwake ni mtaji wa hisa uliovaa nguo ya deni. Riba ya asilimia 6 juu ya milioni 160 ni milioni 9.6. Ukomo wa milioni 12 haukuguswa hata kidogo. Milioni 17.4 za riba zimekataliwa, na hazibebwi kwenda mbele, kwa sababu hazikuzuiwa na ukomo bali hazikutambuliwa kuwa riba tangu mwanzo. Katika nchi nyingine malipo hayo hugeuka kuwa gawio na kuvuta kodi ya zuio ya gawio. Ripoti ya kurasa themanini haina neno hata moja juu ya hayo.

Kesi inayofundisha zaidi katika eneo hili ni ya kundi la mafuta la Chevron nchini Australia, na ninaomba tuitazame kwa karibu. Mwaka 2003 kampuni ya kundi hilo nchini Australia ilikopa dola za Australia zenye thamani ya dola za Marekani bilioni 2.5. Mkopeshaji alikuwa kampuni ya Marekani ambayo mkopaji huyo huyo aliimiliki. Mkopeshaji alipata fedha kwenye soko la Marekani kwa takriban asilimia 1.2, akiwa na udhamini wa kampuni mama, kisha akamkopesha mwenye hisa wake kwa takriban asilimia 9. Sehemu ya pengo hilo inaelezwa na tofauti ya sarafu, lakini sehemu tu. Faida ya mkopeshaji ilirudi Australia kama gawio lisilotozwa kodi.

Hoja ya mlipakodi ilikuwa na mantiki, na sipendi inavyopuuzwa. Alisema: mkataba huu hauna dhamana, na mkopaji hakutoa ahadi yoyote ya kulinda uwiano wa madeni yake. Mkopo wa namna hiyo una hatari, na mtu baki angeutoza asilimia 9. Ukiutazama mkataba kama ulivyoandikwa, hoja hiyo haina kasoro. Mahakama ilikataa kuishia kwenye karatasi. Iliuliza kama mkopaji asiyehusiana, mwenye mali na hali kama hiyo na aliyemo katika kundi la aina hiyo, angekubali kulipa asilimia 9 badala ya kutoa dhamana au kupata udhamini wa kampuni mama na kulipa pungufu. Ushahidi wa sera ya kundi lenyewe, kwamba mikopo ya nje huchukuliwa kwa gharama ndogo iwezekanavyo na kwa kawaida kwa udhamini wa kampuni mama, ulimuumiza mlipakodi kuliko shahidi yeyote wa mamlaka. Jopo kamili la Mahakama ya Shirikisho lilitoa uamuzi Aprili 2017, na Agosti mwaka huo Chevron iliondoa ombi lake la kwenda Mahakama Kuu ya nchi, ambayo huko ndiyo ya juu kabisa.

Kwa hiyo udhaifu wa mkopaji uliotengenezwa na mkataba haukukubaliwa kuwa sababu ya riba kubwa. Aliyenyimwa dhamana na mkono wake mwenyewe hawezi kusema riba yake ni kubwa kwa sababu hana dhamana.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ahsante kwa maelezo. Nina swali kuhusu hilo la kuwamo katika kundi. Ikiwa kanuni inataka kampuni ionekane kama mtu baki, inawezekanaje mahakama ihesabu kwamba kampuni mama ingeisaidia ikikwama? Mtu baki hana mama.

Mleta mada

Swali hilo limewasumbua wengi, na jibu lake halikupatikana siku moja.

Nchini Kanada, General Electric Capital Canada iliilipa kampuni mama ada ya asilimia 1 kwa kudhamini madeni yake. Mamlaka ilikataa ada yote ikisema kwamba hata bila karatasi ya udhamini, wakopeshaji walijua kuwa kampuni mama isingeiacha ianguke, kwa hiyo udhamini huo haukuwa na thamani. Mahakama ya Kodi mwaka 2009, na ya rufani mwaka 2010, zilikubali nusu ya hoja hiyo: msaada usioandikwa ni jambo halisi ambalo mkopeshaji yeyote mwenye akili angelihesabu, kwa hiyo lazima lihesabiwe. Lakini baada ya kulihesabu, ilionekana kwamba udhamini ulioandikwa bado ulipunguza gharama ya kukopa kwa zaidi ya asilimia 1. Mlipakodi akashinda.

Kinachoondolewa na kanuni ni uhusiano baina ya pande mbili za mkataba, yaani ule uwezo wa mmoja kumwamuru mwingine. Hali nyingine za mkopaji hubaki kama zilivyo, ikiwemo kwamba yumo katika kundi kubwa. Benki ya mtaani inapomkopesha kijana mwenye baba tajiri huiona hali hiyo ingawa baba hajasaini popote, wala haimpi kijana daraja la kukopesheka la baba yake. Mwongozo wa 2022 unakwenda njia hiyo: unapima kampuni kwanza ikiwa peke yake, kisha unaipandisha daraja kadiri ilivyo muhimu kwa kundi. Kampuni inayobeba jina la kundi na biashara yake kuu hupanda karibu na mama. Kampuni ya pembeni ambayo kundi lingeweza kuiuza kesho hupanda kidogo sana au haipandi.

Ninashauri uamuzi huo wa daraja uandikwe siku ya kukopa. Ukiandikwa baada ya barua ya ukaguzi kufika, kila sentensi yake itasomwa kama utetezi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimefanya kazi upande wa hazina ya kundi la kampuni, na naona mleta mada anatudai mengi. Mikopo ya ndani hufanyika haraka. Fedha zinahitajika Ijumaa, karatasi zinafuata baadaye. Halafu benki yetu ilitupa barua kuthibitisha kwamba kiwango ni cha soko. Si inatosha?

Mleta mada

Ninaielewa haraka ya Ijumaa, kwa sababu nimeiona. Lakini naomba nikusimulie nilichokiona pia baada yake.

Mteja mmoja aliniletea mkataba wa mkopo wenye tarehe ya mwaka 2016. Ulikuwa umepangwa vizuri, saini zote zipo, kila ukurasa una herufi za mwanzo za majina ya waliosaini. Katika kifungu cha riba ulitaja kwamba kiwango kitafuata SOFR, kiwango rejea cha riba ya dola ya Marekani, pamoja na nyongeza. SOFR ilianza kutangazwa na tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani Aprili 2018. Mkaguzi, ambaye alikuwa kijana mtulivu sana, aliweka kidole kwenye neno hilo, akasukuma karatasi taratibu upande wetu wa meza na kutuomba tumweleze. Mkopo ulikuwa wa kweli, fedha zilitumwa kweli mwaka 2016, na taarifa za benki zilionyesha hivyo. Lakini tangu dakika ile hakuna karatasi yetu nyingine iliyoaminika, hata zile zisizo na dosari. Lingekuwa jambo la heshima na la salama zaidi kuandika: mkataba huu umesainiwa leo kuthibitisha makubaliano ya mdomo ya mwaka 2016, na masharti yalikuwa haya.

Kuhusu barua ya benki, mwongozo wa OECD hauipi uzito unaoufikiria. Benki iliyoandika barua haikuahidi kukopesha, haikumchunguza mkopaji kama inavyomchunguza mwombaji wa kweli, na haitapoteza chochote ikikosea. Miamala halisi ndiyo yenye nguvu: mikopo ambayo kampuni yako imepewa na mabenki, au hatifungani za kampuni zenye daraja na muda unaolingana. Baraza la Dola la Ufaransa, mahakama yake ya juu ya mashauri ya kiutawala, lilikubali Julai 2019, katika kesi ya Wheelabrator, kwamba viwango vya hatifungani vinaweza kutumika kama kipimo, mradi kampuni zinazolinganishwa ziwe katika hali inayofanana na ya mkopaji na hatifungani iwe njia mbadala ya kweli. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa walipakodi ambao awali walikuwa wakiambiwa walete ofa ya benki.

Jambo jingine linalohusu hazina ni masharti kubadilishwa katikati ya safari. Katika kesi ya Singapore Telecom nchini Australia, hati za mkopo za dola za Australia bilioni 5.2 za mwaka 2002 zilibadilishwa zaidi ya mara moja, na badiliko la 2003 liliongeza asilimia 4.552 kwenye kiwango cha riba. Mahakama haikukubali kwamba wasiohusiana wangefikia masharti hayo, na jopo kamili likathibitisha hivyo Machi 2024. Kila badiliko ni muamala mpya, na litaulizwa swali lile lile: mkopaji alipata nini hata akakubali?

Mchangiaji wa tatu

Je, haya yote hayaishi kwa ukomo wa asilimia 30? Kwa maoni yangu nchi zingefuta mabishano ya mtu baki kwenye mikopo na kubaki na hesabu hiyo moja ambayo kila mtu anaweza kuikokotoa.

Mleta mada

Ninaheshimu hoja hiyo, na ndiyo iliyowasukuma waliotunga ukomo. Ujerumani ilianza nao 2008. Mpango wa OECD na G20 wa kuzuia mmomonyoko wa wigo wa kodi ulipendekeza Oktoba 2015 kiwango kati ya asilimia 10 na 30. Umoja wa Ulaya uliweka asilimia 30 katika agizo la 2016 lililoanza kutumika Januari 2019, huku nchi zikiruhusiwa kuacha nje ya ukomo riba halisi isiyozidi yuro milioni 3. Uingereza ilianza Aprili 2017 na kuacha pauni milioni 2.

Lakini ukomo haubagui. Kampuni iliyokopa kwa mabenki yasiyo na uhusiano wowote nayo, ili ijenge bwawa au reli, huumizwa sawa na ile iliyokopeshwa na mama yake kwa ajili ya kodi tu, isipokuwa sheria iwe imeitenga. Na ukomo hubana zaidi katika mwaka mbaya: faida inaposhuka, asilimia 30 yake nayo inashuka, ilhali deni liko pale pale. Kampuni hulipa kodi zaidi ya uwezo wake wakati ule ule inapokosa pumzi. Jambo hilo linanisikitisha kila ninapoliona, kwa sababu halihusiani na ujanja wowote.

Wala ukomo haukufuta kanuni ya mtu baki. Kwa kawaida kanuni hutangulia, ukomo unafuata juu ya kile kilichobaki. Australia ilipoingia kwenye ukomo wa asilimia 30 kwa miaka inayoanza Julai 2023, ilifungua wakati huo huo mlango wa kuchunguza kiasi cha deni kwa kanuni ya mtu baki, jambo ambalo utaratibu wake wa zamani ulikuwa umelizuia kwa aliyekuwa ndani ya uwiano wa deni uliokubalika. Mabishano yameongezeka, hayakupungua.

Na kuna lango jingine baada ya hayo mawili, nalo ni nia. Mwaka 2009 kundi la BlackRock liliponunua Barclays Global Investors, kampuni yake yenye ukaazi wa kikodi Uingereza ilikopeshwa ndani ya kundi dola bilioni 4. Mahakama ya Rufani ilisema Aprili 2024 kwamba hoja ya bei za uhamisho haikumnyima mlipakodi riba hiyo, kwa kuwa mkopeshaji huru angeweza kuitoa kwa kupata ahadi za kumlinda. Hata hivyo riba yote ilikataliwa, kwa sababu kusudi kuu la kampuni kukopa lilikuwa faida ya kikodi. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la X BV kutoka Uholanzi, ilikubali kwamba riba inaweza kukataliwa yote hata ikiwa kiwango chake ni cha soko, endapo mpango mzima ni wa kutengenezwa.

Mchangiaji wa kwanza

Swali la mwisho, mkuu. Riba ikikataliwa huku, na kule ilikopokewa imetozwa kodi, mlipakodi anapata wapi haki yake?

Mleta mada

Inategemea imekataliwa kwa lango lipi, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasome barua ya makadirio neno kwa neno.

Ikikataliwa kwa kanuni ya mtu baki, Ibara ya 9 aya ya 2 inaitaka nchi ya pili irekebishe kodi yake kadiri inavyofaa, na mamlaka za nchi mbili zinaweza kukaa pamoja chini ya Ibara ya 25. Ikikataliwa kwa ukomo wa asilimia 30, kwa kawaida hakuna marekebisho upande wa pili, kwa sababu hakuna aliyesema bei ilikuwa potofu. Riba hiyo itatozwa huku na itatozwa kule. Nimeona wakaguzi wakitaja misingi yote miwili katika barua moja bila kugawa kiasi, na mlipakodi akaiacha hivyo. Andika pingamizi ukidai mgawanyo: kiasi gani kwa msingi upi.

Halafu hesabu siku. Kwa kuomba kikao hicho cha mamlaka mbili, mkataba wa mfano unatoa miaka 3 tangu taarifa ya kwanza ya hatua iliyoleta kodi isiyolingana na mkataba, ingawa mkataba wa nchi husika unaweza kusema vingine. Mashauri ya ndani huchukua muda mrefu kuliko huo, na wengi husubiri hukumu kwanza, kisha hukuta mlango wa pili umefungwa. Ombi linaweza kuwasilishwa mapema na kuomba lisimamishwe hadi shauri la ndani liishe, mahali ambapo utaratibu unaruhusu. Mfano wa OECD tangu 2008 una usuluhishi wa lazima kwa masuala ambayo mamlaka mbili zimeshindwa kuyamaliza kwa miaka 2, lakini mikataba mingi haina kifungu hicho, kwa hiyo fungua mkataba unaokuhusu na uisome Ibara ya 25 hadi aya yake ya mwisho kabla ya kujibu barua ya mkaguzi.